Hewa ya Mbeya Sio Hewa ya Kwenye Video

(Haya niliyaongea Jumamosi kwenye mafunzo ya wapambaji pale Mwanjelwa. Wengi mmeniomba niyaandike, basi nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, msinitafutie sarufi.)

Shikamooni mama zangu, wadogo zangu mambo vipi. Wa Rungwe ugonile, wale mliotoka Iringa na Makambako kamwene, poleni na safari na poleni na baridi yetu mana naona wengine mmekuja na vijora kama mnaenda Bagamoyo.

Kabla sijaanza naomba msaada. Haya hapa maputo matatu meusi, nimeyapuliza mbele yenu na yote nimeyapitisha kwenye tundu la hili boksi, mmeona wenyewe, yanapita yakigusa kingo kidogo tu, yote sawa. Wewe mdogo wangu wa koti jekundu chukua hili kaliweke nje pale penye jua, lifunge kwenye nondo za dirisha lisiondoke na upepo. Na wewe peleka hili kwa mama wa aiskrimu hapo jirani, nimeshaongea nae, ataliweka kwenye friza. La tatu linabaki hapa mezani. Mwisho tutayaita yote, msiniache nikasahau.

Sasa, nimeambiwa niongelee tao la maputo, lile wengi tunaliita achi. Ila kusema ukweli leo nitaongelea hewa zaidi, rangi mtajifunza wenyewe mana macho kila mtu anayo. Wengi humu tumejifunza kwenye simu, mi mwenyewe chuo changu ni YouTube, nilikuwa nasubiri bando la usiku naangalia dada mmoja wa huko nje anapamba hadi saa tisa. Yule dada anafundisha vizuri sana, tatizo yuko kwenye ukumbi wenye eisii na mji wenyewe uko jirani na bahari, hajawahi kumfungia mtu tao saa kumi na mbili asubuhi Uyole mwezi wa saba. Kila nilichoharibu miaka ile ya mwanzo nilikiharibu kwa sababu nilimfuata yeye neno kwa neno nikasahau niko wapi.

Tuko wapi? Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela huko chini kwenye ziwa ni kama mita 500 tu. Na katikati, ukitoka Tukuyu kuja huku, pale Isyonje kwenye viazi na ukungu, barabara inapita juu ya mita 2,000. Shikeni hizo namba tatu.

Puto ni ngozi nyembamba ya mpira, ndani umefungia hewa inayosukuma kwenda nje, na nje kuna hewa ya dunia inayosukuma kwenda ndani. Ukipanda mlima ile ya nje inapungua nguvu, basi ya ndani inajinafasi, puto linavimba wala hujaliongezea hata pumzi moja. Na kwenye joto linavimba, kwenye baridi linasinyaa. Basi, fizikia yote ndo hiyo.

Mi niliijua kwa aibu. Kuna Ijumaa nilipamba sendoff Kyela, tao zuri sana, dhahabu na nyeupe, watu wakapiga picha mpaka wakachoka. Kesho yake nilikuwa na kazi nyingine hapa Mbeya rangi zile zile, ibilisi akanipitia, nikasema kwanini ninunue pakiti mpya wakati maputo haya hapa bado mazima? Usiku tukalishusha, asubuhi tukalikata vipande, tukajaza kwenye Noah mpaka dereva akawa anaonea kwenye kidirisha kidogo kama mtu wa kifaru. Kule Kyela tulikuwa tumeyapuliza yakaze, yang'ae, si unajua tena. Tukapita Tukuyu salama. Tulipoanza kupanda kuelekea Isyonje likalia la kwanza, pa. Tukacheka. Likalia la pili. Mbele kidogo yakawa yanafuatana kama bisi kwenye sufuria, dereva amefunga breki, kuna askari alikuwa amesimama upande wa pili tukamuona ameinama nyuma ya gari lake. Kumwelezea kwamba ni maputo ya sendoff ilichukua kama robo saa, na katikati ya maelezo mengine yanaendelea kupasuka. Nilifika Mbeya na nusu ya mzigo, nikakimbilia Sokomatola kununua mengine kwa bei yoyote waliyonitajia.

Hewa ile ile niliyoifunga Kyela, ilipofika kule juu ilikuwa inataka nafasi zaidi kwa kama moja ya tano. Puto lililokazwa halina hiyo nafasi. Afu lilikuwa limeshakaa siku nzima na jua la Kyela, mpira umeshachoka. Kwaiyo: pulizia unapopambia. Ukishindwa, ukibeba kutoka chini kuja juu pulizia pungufu, na ukibeba kutoka huku kwenda Kyela au Usangu ujue yatafika yamelegea, acha nafasi ya kuongeza vikundi (yale maputo manne manne yaliyofungwa pamoja) kwenye mstari. Na msirudie maputo ya mteja mmoja kwa mteja mwingine, mi nilifanya na nimewaambia kilichonipata.

Ya pili ni ya Uyole, harusi ya bustanini, mwezi wa saba. Nilipuliza usiku chumbani kwangu, joto zuri, jiko la mkaa linawaka (na hapo msiniige, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa litakuua kabla hujamaliza pakiti, siku hizi nimeacha kabisa). Alfajiri tukalisimamisha nje. Baridi ya kwetu mnaijua, vidole haviwezi hata kufunga fundo. Kufikia saa moja tao limesinyaa, chini kwenye miguu kuna pengo la kiganja kizima, bomba la fremu linaonekana, na vile vikundi vikaanza kujizungusha kwenye uzi, mistari ya rangi ikapotea. Mi nikafanya nini? Nikachukua pampu nikaanza kukaza, nikatoa yaliyolegea nikaweka mapya yaliyojaa kabisa, nikajiona mjanja. Saa saba jua likatoka, lile jua letu la juu ambalo baridi ipo lakini linachoma. Mama mkwe anaingia na vigelegele, anapita chini ya tao, na ndo wakati maputo yangu yakaamua. Yule mama alikaa chini kwenye majani na kitenge chake kipya.

Mama yangu mmoja ananitazama hapa, naona kama alikuwepo. Samahani mama.

Kwahiyo asubuhi ya baridi usikaze puto kwa kipimo cha asubuhi, pulizia kwa kipimo cha saa saba mchana. Pengo la kiganja asubuhi lifiche na majani. Majani tunayo bure, mikaratusi, misonobari, yale majani ya feni yanayoota mtoni kule Rungwe, mpambaji wa Dar ananunua majani ya plastiki wewe unatoka nyuma ya nyumba na panga. Na tao la nje likae upande wa kivuli cha mchana, ukifika ulizia jua linazungukia wapi kabla hujatoa hata ndoo kwenye gari. Mtaona pia puto likikaa juani linapoteza mng'ao, linakuwa kama lina ukungu, kama zabibu. Huo mpira unaliwa na hewa na jua, ukiona hivyo ujue limebakiza saa chache. Nyeusi na bluu iliyoiva ndo zinavuta joto kuliko zote, mteja aking'ang'ania nyeusi bustanini mwambie ukweli mapema.

Haya, boksi. Hiki kiboksi cha tambi ndo kifaa changu cha kwanza, kabla ya pampu, kabla ya kitu chochote. Chukua sahani yenye upana wa inchi 9, sentimita 23, igeuze juu ya boksi, chora, kata kwa wembe. Basi umemaliza. Kila puto likitoka kwenye pampu linapita hapo, likikwama unatoa hewa, likipwaya unaongeza. Watu wananicheka, we dada miaka yote hii bado unapima? Napima. Jicho linachoka ukifika puto la sitini, boksi halichoki. Tao lenye maputo yasiyolingana linaonekana tangu getini, mtu hajui kasoro ni nini ila anajua kuna kasoro.

Na puto la inchi 12 usilipulize inchi 12, hiyo ni saizi ya mwisho wa uwezo wake. Inchi 9 mpaka 10 linakuwa duara kama chungwa, laini, lina nafasi ya kuvimba kukiwa na jua. Likianza kuota shingo kama parachichi la Rungwe ujue umezidisha, punguza.

Kaka pale nyuma anauliza je nikipuliza kwa mdomo. Unaweza, ila pumzi yako ina joto na ina maji, likipoa linasinyaa kuliko ulivyolipima, na ukifika la arobaini utaona nyota. Nunua hata pampu ya mkono. Kama una uwezo chukua ile ya umeme yenye pua mbili, inajaza mawili kwa mpigo, lakini beba na ya mkono, mana umeme ukikatika katikati ya kazi MC hawezi kukusaidia.

Kuhesabu. Hapa naomba wale wanaoogopa hesabu wasogee mbele. Mteja amekwambia nataka tao la mlangoni. Usimtajie bei kwenye simu! Nenda na kamba. Simamisha watu wawili kwenye kingo, mmoja ashike katikati juu, pitisha kamba vile tao litakavyopinda, afu ilaze chini upime. Mlango wa ukumbi wa mita 3 upana na kimo mita 2 na nusu kasoro, kamba inakuja kama mita 6.2. Mi kwa puto la inchi 9 nikilipanga vizuri natumia vikundi 7 kwa mita, na kila kikundi kina maputo manne. Kwaiyo 6.2 mara 7 ni 43 na kidogo, weka 44, mara nne ni maputo 176. Ongeza moja kwa kila kumi ya kupasuka unapata kama 194. Pakiti mbili za mia, yanabaki sita ya watoto. Mnaona? Sijakisia. Mtu anayekisia anaishiwa saa nane usiku wakati maduka yamefungwa, au anabakiwa na pakiti tatu za rangi ya pichi ambayo hakuna mtu ataiomba tena hadi mwakani.

Kikundi cha manne kinafungwa hivi, nitawaonyesha kwa mikono baadae ila sikieni kwanza. Chukua mawili, funga shingo kwa shingo fundo moja, bila uzi. Fanya hivyo tena. Sasa una jozi mbili, zivushe msalaba, zungusha puto moja la huku na moja la kule mara mbili, zinashikana. Kinaingia kwenye uzi au bomba, kinasukumwa mpaka kigusane na kilichotangulia, kila puto likae kwenye bonde kati ya mawili ya mwenzake. Ukipanga rangi kwa mpangilio ule ule kila kikundi, mistari inajizungusha yenyewe kama uzi wa skrubu. Kikundi kimoja ukikigeuza kinyume mstari unavunjika, na hutakiona mpaka upige picha.

Lile la oganiki, la kuchanganya makubwa kwa madogo lisilo na mpangilio, ndo fasheni sa hivi, na watu wanadhani ni rahisi mana halina mstari. Anza na uti wa mgongo wa vikundi vya manne saizi tofauti, weka makubwa ya inchi 18 sehemu mbili tatu tu, afu madogo ya inchi 5 unaziba mashimo kwa gundi za doti, vile vidoti vya kunata. Uovu wa wengi ni kuweka makubwa kila mahali, linakuwa kama gunia la kabeji.

Fremu. Waliopo mjini wananunua bomba la plastiki la nusu inchi, linapinda vizuri, miguu unaisimika kwenye ndoo za rangi za lita nne zilizomiminwa zege. Ila mi nimejifunza kwa mzee mmoja wa Iringa kwamba mwanzi mbichi, ndugu yake ule wa ulanzi, ukiupasua fito mbili unapinda kuliko bomba na hauna gharama. Shida yake moja, una vibanzi, kibanzi kimoja kinakula maputo kumi. Uzungushie kitambaa au selotepu nzima nzima kabla ya kuvalisha. Na upepo wa mwezi wa nane msiudharau, tao ni tanga la mashua, ndoo ya zege bila kuongeza mawe itatembea.

Sasa mnaniuliza sana habari za gesi. Tao linalosimama halihitaji gesi kabisa, ni hewa ya kawaida, ndo mana linakaa siku kadhaa. Puto la heliamu la saizi hii linaelea chini ya siku moja. Na huku kwetu kuna kitu hawatawaambia kwenye video: lita moja ya heliamu pwani inanyanyua kama gramu moja, hapa Mbeya ni kama gramu 0.8. Puto la inchi 9 lina lita 6 tu, kwahiyo linanyanyua gramu 5 hivi, lenyewe mpira wake ni karibu gramu 3, zinabaki mbili. Gramu mbili! Funga utepe mrefu na kikadi kizito, linakaa chini linakutazama. Ukitaka lielee huku tumia puto kubwa.

Inachekesha kidogo mana heliamu yenyewe ipo kwetu. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi sana chini, mawe ya zamani yanaitoa taratibu na joto la volkano likaisukuma itoke. Iko hapo nyuma ya milima, sisi tunasubiri mtungi kutoka Dar.

Ila akija mtu akakwambia dada nina gesi ya bei rahisi, natengeneza mwenyewe kwa kostiki soda na vipande vya alumini, mkimbie. Hiyo ni haidrojeni, inaelea kweli tena kuliko heliamu, lakini inawaka. Kumbukeni puto la mpira la kwanza kabisa Michael Faraday alilitengeneza London mwaka 1824 kwa ajili ya majaribio ya hiyo hiyo haidrojeni, ile ilikuwa maabara, haikuwa keki yenye mishumaa na bibi harusi mwenye shela la neti. Kwenye ukumbi hapana.

Na watoto. Puto likipasuka okota vipande vyote, mtoto mdogo anaweka mdomoni linaziba koo, na kule kwenye pakiti za nje wanaandika kabisa watoto chini ya miaka 8 wasiachiwe peke yao na maputo yasiyopulizwa au yaliyopasuka. Ukishusha tao usiache makombo uwanjani, mbuzi wa jirani atayala na jirani atakuja kwako sio kwa bwana harusi.

Bei nitaongea haraka mana kila mtu ana mtaji wake. Hesabu pakiti, gari, chakula cha wasaidizi, afu saa zako, hizo ndo tunazisahau. Kuna ukumbi mmoja hapa mjini siwataji, walitufungulia geti saa moja kabla ya wageni wakati tulikubaliana asubuhi, tao la mita sita tukalivalisha kwa kukimbia, nikaahidi sitaingia tena ukumbi wowote bila kuandikiana saa ya kufungua. Andikianeni hata kwenye WhatsApp. Na mteja akikutumia picha ya Pinterest yenye tao la mita kumi na mbili na bajeti ya mita mbili, usigombane nae, mtolee kamba.

Haya naona mama wa aiskrimu amekuja mwenyewe, asante mama, ndaga fijo. Lete hilo boksi hapa mezani. Hili lililobaki ndani, linapita, kama tulivyoliacha. La friza, shikeni muone lilivyo baridi, tunapitisha, mnaona linavyopwaya, kidole changu kinaingia pembeni kabisa. Na mdogo wangu wa koti jekundu, hebu leta la dirishani. Taratibu. Limepauka, sio? Lisogeze kwenye tundu, usilisukume kwa nguvu, limekwama, ee, hapo hapo liache, usi...

(Lilipasuka. Tukaenda kuchukua pampu.)